Kijana Wetu Kiziwi Amechaguliwa Mshika Fedha: Je, Tumwachie?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba waja Wake kwa hali mbalimbali na Akampa kila mmoja njia ya kufahamu na kufahamisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Tumepokea suala kutoka kwa mama mmoja wa Pemba, na kwa kuwa wazee wengi visiwani wamo katika hali kama yake, tumeona jawabu lake tulieleze kwa urefu badala ya kulijibu kwa mistari miwili. Anasema kijana wake ana miaka 26, ni kiziwi tangu mdogo, ni fundi seremala na hajapata kulalamikiwa na mteja. Viziwi wenzake wa wilaya wameunda jumuiya, wakamchagua yeye awe mshika fedha, na sasa anatakiwa avuke kwenda Unguja kwa siku tano kwenye mafunzo ya uongozi. Ami yake amekataa. Hoja ya ami ni kwamba asiyesikia hawezi kuchukua amana ya watu, na ikipotea dhima itaangukia ukoo mzima. Kwa hivyo bora fedha na daftari akae navyo kaka yake anayesikia, na yeye abaki na jina la cheo. Mama anauliza mambo mawili: sharia inasemaje, na hayo mafunzo yana maana yoyote au ni safari tu ya kwenda kula posho.

Tuanze na la sharia. Uziwi si sababu ya kumzuilia mtu mali. Wanavyuoni wetu wa Kishafi walipotaja wanaozuiliwa kuendesha mali kwa maslahi ya nafsi zao, walimtaja mtoto, mwendawazimu na safihi, yaani mfujaji. Kiziwi hayumo. Na asiyeweza kutamka, ishara yake inayofahamika imepewa nafasi ya ulimi: anauza kwa ishara, ananunua, anaoa, anaacha, anakiri deni. Kanuni hii imo katika vitabu vya qawaid, na dola ya Uthmaniyya ilipoandika Majalla yake iliiweka katika kifungu cha 70. Mafakihi wetu wakatofautisha hata baina ya ishara na ishara: ile inayofahamika na kila mtu ina hukumu ya tamko la wazi, na ile inayofahamika na wajuzi peke yao ina hukumu ya kinaya.

Ami, akiwa ni mtu wa kusoma, anaweza kutujibu kwa Aya ya deni iliyomo katika Suratul-Baqarah, Aya ya 282. Humo Mwenyezi Mungu Amemtaja mdaiwa aliye safihi, au dhaifu, au asiyeweza kuimla mwenyewe, na Akaamrisha walii wake aimle kwa uadilifu. Ni kweli kwamba baadhi ya wafasiri walipomweleza huyo asiyeweza kuimla walimtaja bubu. Lakini itazameni sababu: ni kutoweza kuimla. Mwenye lugha anayoitumia, na mkalimani muadilifu wa kuifikisha, huyo anaimla. Tena walii katika Aya ile anaandikisha haki ya mtu kwa niaba yake. Hakupewa ruhusa ya kukalia kiti alichochaguliwa mwengine.

Kipo kisa tunachokisoma kila tunapofika mlango wa biashara, na kwa kawaida tunakipita haraka. Zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu Madina, wengi wanamtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, aliyepata jeraha la kichwa likamwachia ulimi mzito na udhaifu katika maamuzi. Alikuwa akipunjwa sokoni. Katika mapokezi ya Anas yaliyomo kwa Abu Dawud na Tirmidhi, jamaa zake walikwenda kwa Mtume wakamtaka amzuilie asiuze wala asinunue. Mtume akamwita, akamkataza. Yule mtu akasema hawezi kustahamili kukaa bila ya biashara. Hapo Mtume hakumkabidhi kwa ndugu yake. Alimpa neno la kulisema kila anapofunga mauzo, kwamba pasiwe na hadaa, na katika baadhi ya mapokezi akampa na hiari ya siku tatu. Asili ya Hadithi imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Wazazi, tuzingatie: jamaa waliomba azuiliwe, na mwisho wa jambo akapewa njia ya kujilinda akarudi sokoni. Na yule alikuwa na udhaifu wa maamuzi. Kijana wa mama huyu hana ila masikio yasiyosikia.

Sasa, kuendesha mali yako ni jambo moja, na kushika amana ya watu kwa uongozi ni jengine. Hatutaficha kwamba Imam Nawawi katika Minhaj ameshurutisha kwa kadhi awe anasikia, anaona na anasema. Wenye kuisherehesha wakatoa sababu: kiziwi hatapambanua baina ya anayekiri na anayekanusha mbele yake. Na Imam Mawardi, naye ni Mshafi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alipozungumzia ukhalifa alisema uziwi na ububu vinazuia kumfungia mtu ukhalifa mwanzoni. Ama vikimfika akiwa tayari yumo madarakani, alitaja kauli tatu: wako waliosema anatoka, wako waliosema hatoki, kwa sababu ishara inasimama mahala pa maneno, na wako waliosema akiwa anajua kuandika vizuri hatoki, na asipojua anatoka, kwa sababu maandishi yanafahamika na ishara ni ya kukisia.

Kauli hii ya tatu inafundisha sana. Hawakuzungumzia utukufu wa mtu wala akili yake. Walichokihofia ni kutofahamiana. Ishara walizozoea kuziona wao zilikuwa za mtu mmoja na watu wa nyumba yake. Leo Lugha ya Alama ina sarufi yake, ina msamiati wa fedha na wa sheria, inafundishwa, ina wakalimani. Shirikisho la Viziwi Duniani, lililoundwa Rome mwaka 1951, linahesabu zaidi ya lugha za alama 300 ulimwenguni. Na tena hapa hatusemi juu ya ukadhi wala ukhalifa. Tunasema juu ya viziwi wa wilaya moja waliomchagua kiziwi mwenzao, na wote lugha yao ni moja. Katika mkutano huo asiyefahamika ni sisi.

Nabii Zakariya (A.S.), ulimi wake ulipozuiliwa kuwa ni alama aliyoiomba kwa Mola wake, alitoka mihrabuni akawaashiria watu wake wamtakase Mwenyezi Mungu asubuhi na jioni (Maryam: 11). Aliwaongoza kwa ishara na wakamfahamu. Na Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu ambaye Suratu Abasa iliteremka kwa ajili yake, Mtume alimwachia mji wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka safarini. Tunalitaja hili kwa sababu tumezoea kumtaja Sahaba huyu kila tunapochangisha sadaka za walemavu, na tunasahau kutaja kwamba alikuwa akiachiwa mji.

Tukija kwenye suala la pili, kuhusu mafunzo, Qur-ani imetupa vipimo vya mtu wa kupewa kazi. Katika Suratul-Qasas ni nguvu na uaminifu. Nabii Yusuf alipojipendekeza kwa hazina za Misri alitaja kuhifadhi na kujua. Uaminifu wa kijana mama anaujua. Kujua kunatoka wapi?

Tufikirie wapi sisi tunaosikia tulijifunza uongozi. Hatukwenda semina. Tulijifunza barazani. Mtoto anatumwa birika ya kahawa, anawakuta wazee wanabishana juu ya minazi ya wakfu: nani avune, hesabu iko wapi, mbona mwaka jana haikusomwa. Anamsikia mzee mmoja anakatishwa kauli, anastahamili, kisha anairejea hoja yake kwa mlango mwengine. Msichana yuko jikoni siku ya shughuli, anasikia mama zake wanavyogawana kazi, nani kapewa michango akaihesabu mara mbili mbele ya watu, na nani mwaka ule hakupewa tena na kwa nini. Kamati ya maulidi, kamati ya harusi, mchezo wa kila wiki wa akina mama, ugomvi wa msikitini baada ya Ijumaa. Yote hayo ni darasa, na hakuna anayelipia ada.

Mtoto kiziwi ameipeleka ile birika. Amemimina kahawa. Hakupata neno. Akiona watu wanacheka akauliza kuna nini, anaambiwa, "Nitakwambia baadae." Viziwi wa nchi nyingi wanalijua neno hili, na hiyo baadae haiji. Watoto viziwi walio wengi mno wanazaliwa na wazazi wanaosikia, na wengine Lugha ya Alama wanaikuta skuli tu, kwa watoto wenzao, wakiwa wamekwishakuwa wakubwa. Ndipo unamkuta mtu wa miaka 26, seremala hodari, na hajapata hata siku moja kukifuata kikao kutoka dua ya kufungulia mpaka ya kufungia. Akili hapungukiwi. Baraza ndilo alilofungiwa. Mafunzo ya uongozi yanajaribu kumpa kwa siku tano alichonyimwa kwa miaka ishirini.

Miaka kadhaa nyuma tuliombwa tutoe nusu saa juu ya amana katika mafunzo ya aina hiyo, hapa mjini Unguja. Tulikwenda na karatasi zetu kama tunavyokwenda darsani. Tukasoma huku tumeinamisha kichwa. Tulipoulizwa suala tukamgeukia mkalimani, tukaanza, "Mwambie kwamba..." Msichana aliyeuliza, naye ni katibu wa jumuiya yake, alitusubiri tumalize. Kisha akaashiria, na mkalimani akatamka: "Sheikh, samahani, naomba uzungumze na mimi. Mimi ndiye niliyekuuliza." Tunampita babake kwa umri. Tuliomba radhi, na ile nusu saa tuliyoitiwa ikawa siku nzima, kwa sababu tulitaka kuona.

Mkufunzi mwenyewe alikuwa kiziwi. Viti vilipangwa nusu duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Ukimkalisha kiziwi safu ya nyuma umemtoa nje. Mwenyekiti hafungui kikao mpaka macho yote yamemgeukia. Akitaka kuwazindua anapunga mkono, au anazima na kuwasha taa, au anapiga mguu sakafuni. Anayetaka kusema anaomba, na wakati mmoja anasema mmoja kweli kweli, kwa kuwa jicho haliwezi kufuata watu wawili. (Tulitamani kamati fulani za misikiti zije kutazama.) Alasiri umeme ulikatika, kikao kikahamia ukumbini nje, ilipokaribia magharibi kikasita kabisa. Sisi tumezoea kufanya vikao vyetu baada ya Isha, kwenye nyumba ya yeyote, hata kwa taa ya kandili. Hatukuwahi kufikiri kwamba kwa wengine giza ni sawa na kuzibwa mdomo.

Jambo jengine ambalo halikuwahi kutupitia: katibu kiziwi hawezi kuandika muhtasari huku anafuata mkutano. Akiinamia karatasi, maneno yamempita. Kwa hivyo wanafundishwa njia tatu. Mwenyekiti asimame baada ya kila ajenda ili katibu aandike. Au kikao kirikodiwe kwa video ya simu na muhtasari uandikwe baadae. Au mwandishi anayesikia akae chini ya amri ya katibu, na katibu ndiye anayesomewa, anayesahihisha na anayetia saini. Njia hii ya tatu ndiyo nyepesi na ndiyo yenye hatari, maana mwandishi huyo akiachiwa, baada ya miezi michache anakuwa yeye ndiye katibu.

Asubuhi nzima ilikwenda kwenye katiba. Katiba nyingi za jumuiya zetu zimeandikwa kwa Kiswahili kizito cha kisheria, na kwa kiziwi Kiswahili ni lugha ya pili. Neno "akidi" peke yake lilichukua karibu nusu saa. Mkufunzi alimtoa mtu mmoja mmoja nje ya chumba, na kila anapomtoa anawauliza waliobaki: sasa mnaweza kuamua? Na sasa? Mpaka wakabaki wachache, mmoja wao akainuka kwa ghadhabu akasema hawa hawana haki ya kuwaamulia waliotoka. Hapo mkufunzi akaandika neno ubaoni. Tumefundisha chuoni na chuo kikuu kwa miaka, na hatukumbuki kulieleza neno lolote vizuri kiasi hicho.

Fedha ilikuwa siku ya pili. Daftari la mapato na matumizi, stakabadhi kwa kila kinachoingia, risiti kwa kila kinachotoka, saini zisizopungua mbili benki, na anayeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayetoa fedha. Kisha wakafanya mkutano mkuu wa kuigiza. Mwenyekiti wa kuigiza akaulizwa daftari, akakataa kulionesha, wakampigia kura wakamtoa. Alikasirika kikweli! Walipomtoa waliinua mikono yote miwili wakaitikisa hewani, ndiyo makofi yao, na yeye kwa muda mrefu hakutikisa yake.

Sasa turudi kwa ami, maana hapa ndipo ushauri wake unapotutia hofu kuliko jengine lolote. Ami anataka kuuepusha ukoo na dhima. Mshika fedha ni amini wa wanachama. Amini hadaiwi kilichopotea ila akizembea au akivuka mpaka. Lakini katika madhehebu yetu, aliyewekeshwa amana akimpa mtu mwengine bila ya idhini ya wenyewe wala udhuru, huko kumpa kwenyewe ni kuvuka mpaka, na kikipotea atalipa. Na wakili anayeweza kazi yake mwenyewe haruhusiki kumuwakilisha mwengine asiyeidhinishwa na aliyemtuma. Wanachama walimchagua kijana. Hawakumchagua kaka yake, na huenda hata hawamjui. Kwa hivyo lile pendekezo la kujikinga na dhima ndilo linaloileta. Ama ukoo mzima kudaiwa deni la mmoja, hilo halimo katika sharia yetu; kila nafsi inabeba mzigo wake.

Na tutazame pia nani atamsahihisha kaka. Yeye ndiye atakayeshika fedha, yeye ndiye atakayeshika daftari, na kikija kikao yeye ndiye atakayekalimani. Kwenye mafunzo wanafundishwa kuwa mkalimani hajibu, hashauri, hafupishi; anapokea na kufikisha. Wanavyuoni wetu walilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba mbele ya kadhi wakataka wakalimani wawili waadilifu. Hatumtuhumu kaka. Tunasema mtu mmoja akikusanya vyote hivyo, hata akiwa mwaminifu, hana wa kumshuhudia.

Wako watakaosema: basi angalau juu, kwenye ngazi za mikoa na taifa, waongoze wanaosikia, wao wawe wanachama. Hili limejaribiwa. Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichoko Washington, Marekani, kiliasisiwa mwaka 1864 kwa ajili ya viziwi, na kwa miaka 124 hakikupata rais aliye kiziwi. Machi 1988 walifika watatu kwenye mchujo wa mwisho, wawili kati yao viziwi, na bodi ikamchagua yule mmoja anayesikia. Wanafunzi walifunga milango ya chuo. Hawakuvunja vitu, waliandika madai manne, wakapanga kamati, wakaweka wakalimani wa kuzungumza na waandishi wa habari, wakaandamana mpaka kwenye jengo la Bunge. Madai yalikuwa rais kiziwi, mwenyekiti wa bodi ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mwanafunzi yeyote. Ilichukua wiki moja. Tarehe 13 Machi I. King Jordan, kiziwi, akatangazwa rais. Tunachowataka wazazi wakione hapo ni mpango wao: hasira peke yake isingewafikisha. Walijua mkutano unaendeshwaje na dai linaandikwaje.

Karibu na kwetu, Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia Bunge la Uganda mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya katiba ya nchi hiyo kuitaja lugha ya alama. Na tulitaje hili ingawa linatutia haya: aliyeeneza skuli za viziwi Afrika kuliko mtu yeyote tunayemjua ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11. Alianza Ghana mwaka 1957, akaacha skuli 32 katika nchi 13, na alikuwa akiwafundisha viziwi wenyewe wawe walimu na viongozi wa skuli hizo. Alikuwa mhubiri wa Kikristo. Sisi tulikuwa na mihrabu ya Zakariya ndani ya Qur-ani yetu karne zote hizo.

Nchi yetu nayo iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 29 kinawapa haki ya kuunda jumuiya zao na kujiunga nazo, na kifungu cha 4 kinazitaka serikali zishauriane nao kupitia jumuiya zinazowawakilisha. Mtu anayeitwa kushauriwa na hajui kusoma ajenda, huyo atatiwa picha tu.

Kuhusu posho, mama hakukosea kuuliza. Yako mafunzo ambayo ni safari. Wanaitwa wale wale watatu kila mwaka, wanarudi na mkoba na kalamu, na wanachama hawaambiwi kilichosemwa. Ziko jumuiya, za viziwi na za wanaosikia, ambazo mwenyekiti wake ni mmoja tangu siku ya usajili, na mafunzo yanamzidishia mizizi. Na ziko semina ambazo mkufunzi anayesikia anasoma slaidi kwa haraka, mkalimani mmoja anatumikishwa kutwa nzima bila ya kupumzishwa, na mikono yake ikichoka nusu ya maneno yanabaki hewani. Kwa hivyo kabla ya kumpandisha mtoto boti, mzazi ana haki ya kuuliza: mkufunzi ni nani na anajua Lugha ya Alama? Wakalimani ni wangapi? Atarudi na nini cha kuwafundisha wenzake? Na kwa msichana, aulize vile vile analala wapi na nani mwanamke anayesimamia. Akijibiwa vizuri asimzuie. Wasichana viziwi wanazuiliwa mara mbili, mara moja kwa uziwi na mara moja kwa usichana, na matokeo yake kamati nyingi hazina mwanamke wa kuyasema ya wanawake.

Tunayasema haya na sisi wenyewe tuna deni. Katika chuo tulichokuwa tukisomesha, alikuwapo mtoto kiziwi aliyekaa nyuma kwa miaka. Alikuwa haleti fujo. Alifungua juzuu pale wenzake walipofungua, akafunga walipofunga, na sisi tukahesabu kukaa kwake kuwa ni kusoma. Aliondoka hajui Alhamdu inasema nini. Siku zile hatukumuuliza mtu yeyote kama ipo njia ya kumfikishia. Leo ni mtu mzima, tunakutana naye sokoni, anatuamkia kwa adabu zote, na hatujui kumjibu zaidi ya kuinua mkono.

Basi jawabu letu kwa mama wa Pemba ni hili. Kijana aende. Fedha na daftari akae navyo yeye mwenyewe aliyechaguliwa, benki pawe na saini zaidi ya yake, na kila miezi mitatu daftari lisomwe mbele ya wanachama kwa lugha yao. Ami akiwa bado na wasiwasi, aombe kwa wenye jumuiya ahudhurie siku hiyo, akae ndani ya ile nusu duara pamoja na mkalimani asiyekuwa jamaa, na aulize analotaka kuuliza. Amuulize kijana mwenyewe, amtazame usoni.

Ama kaka, ipo kazi inayomfaa zaidi kuliko kushika fedha za watu. Zayd bin Thabit aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisipite mikononi mwa asiyeaminika, na akayamudu kwa nusu mwezi. Ndugu hawa wawili wamelala nyumba moja kwa miaka 26. Kijana akirudi kutoka Unguja, kaka aanze kwa kumwomba amfundishe alama za namba.

Wallahu a'lam.